Shimo la sentimita 60 na trekta la farasi 25: kisa cha banda la Makambako

Simu iliita saa tano na nusu asubuhi. Dereva hakupoteza muda kwa salamu. "Kaka, imenasa. Na nikiinyanyua, trekta ndilo linalonyanyuka."

Nilikuwa Njombe mjini, mwendo wa kama saa moja kutoka shambani. Nikamwambia azime injini, achomoe ufunguo autie mfukoni, na mtu yeyote asiguse kitu mpaka nifike. Nilipofika nilikuta watu saba wamelizunguka trekta kama wamekuja kumwangalia mgonjwa, na kila mmoja ana dawa yake. Mmoja alishika mnyororo, anataka waite trekta la jirani livute. Mwingine alikuwa ameshatafuta jeki. Trekta lenyewe lilikuwa limechuchumaa kwa nyuma kama kuku anayetaga, na keekee yake ya sentimita 60, ile parafujo kubwa ya kuchimbia mashimo inayofungwa nyuma ya trekta, imezama ardhini sentimita 70. Hapo ndipo safari yake ilipoishia: haishuki, haipandi.

Lilikuwa shimo la tatu. Yalitakiwa 14.

Kisa hiki nakieleza chote kwa sababu mwanzo wa kosa ulikuwa mimi. Siku mbili kabla, mama mwenye shamba alinipigia. Anajenga banda la kupangia na kufungashia parachichi, mchoro unataka mashimo ya sentimita 60, na kuna mtu anakodisha keekee ya trekta ya upana huohuo. Je, achukue? Nilikuwa barabarani, nina haraka, nikajibu, "Chukua mama, itakurahisishia." Sikuuliza trekta lina nguvu kiasi gani. Sikuuliza udongo ukoje. Na lile la maana kuliko yote, kwamba hiyo 60 ilitoka wapi, halikunijia hata kichwani.

Banda lenyewe ni la kawaida: urefu mita 18, upana mita 6, nguzo 7 kila upande zikiachana mita 3. Nguzo ni za mlingoti (mkaratusi) uliotiwa dawa, unene wa sentimita 20 upande wa chini, aina ileile inayotoka viwanda vya Mufindi na Njombe kwenda kubeba nyaya za umeme nchi nzima. Juu ni kenchi na mabati, pembeni wazi pande zote ili hewa ipite kwenye matunda. Kwenye karatasi ya fundi kila nguzo ilikuwa na maandishi yaleyale: shimo 60 × 60, kina 120.

Trekta ni la mama mwenyewe, dogo, la nguvu za farasi 25, zuri sana kwa kupita katikati ya mistari ya miparachichi. Ana na keekee yake ya sentimita 30, aliyoinunua akidhani ataitumia kuchimba mashimo ya miche. Ile ya 60 ndiyo ya kukodi.

Kilichotokea kwenye mashimo matatu

Dereva ni kijana makini, na nilimsikiliza kwanza kabla sijagusa chuma. Shimo la kwanza alilichimba kwa woga. Ilikuwa mwisho wa Oktoba, mvua bado, na udongo mwekundu wa pale juu umekauka ukawa tofali. Keekee ilizunguka juu ya ardhi ikang'arisha uso tu, haiingii. Hapa watu wengi hawajui jambo moja: mikono ya nyuma ya trekta dogo inajua kunyanyua, haijui kukandamiza. Inaposhusha, kinachosukuma keekee iingie ardhini ni uzito wake wenyewe na ule mchomo wa parafujo kwenye ncha. Ardhi ikigoma, hakuna mkono wa haidroliki wa kuisukuma. Basi kijana mmoja wa pale shambani akapanda juu ya boriti ya keekee, akakaa kama amepanda punda, ili kuongeza uzito. Na ikaingia.

Aliponisimulia hilo nilitaka kukaa chini. Chini ya pale alipokalia inapita shafti inayotoka kwenye PTO, yaani mhimili wa nyuma ya trekta unaozungusha mashine, ambayo kwa kasi yake kamili inazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa sekunde. Na kifuniko chake cha plastiki hakikuwapo. Kilivunjika zamani, mwenye kukodisha hakukirudisha. Makambako iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, asubuhi ni baridi, na kijana yule alikuwa amevaa koti refu la mtumba lililofika magotini. Pindo la koti likigusa krosi (kiungo kinachopinda) ya shafti ile, mtu amekwisha kuzungushwa kabla dereva hajakanyaga klachi. Hakuna aliyeumia siku ile. Ilikuwa bahati tu.

Shimo la kwanza liliwachukua saa moja na dakika kumi, kwa sababu dereva alikuwa akizamisha kidogo, ananyanyua, anakung'uta udongo, anarudi. Aliona ni kupoteza muda. Kumbe ndiyo ilikuwa njia sahihi.

Shimo la pili walikutana na mzizi wa mlingoti wa zamani, na bolti ikakatika. Nieleze bolti hiyo kwa wasioijua. Kati ya shafti na giaboksi, au kati ya giaboksi na keekee, kuna bolti moja iliyotengenezwa iwe dhaifu kwa makusudi. Mafundi wanaiita shia. Keekee ikikwama ghafla, bolti hiyo inakatika na vingine vyote vinapona. Ni kama fyuzi ya umeme. Dereva hakuwa na ya akiba, akamtuma mtu mjini kwa bodaboda, akarudi na bolti inayoingia vizuri kabisa kwenye tundu. Kichwani mwake imeandikwa 8.8. Muuza duka alimwambia, "Hii haitakatika tena."

Alisema kweli. Bolti ya 8.8 ina nguvu karibu mara mbili ya ile ya kawaida ya 4.6, na ndiyo maana haikutakiwa pale. Waliweka msumari kwenye fyuzi.

Chini ya ule mzizi udongo ulikuwa laini, wakamaliza la pili haraka na roho zikatulia. La tatu wakaingia kwa kujiamini. Gesi juu, mikono imeshushwa moja kwa moja, hakuna kunyanyua katikati. Udongo wa kina kile ulikuwa na unyevu na unanata, si ule mkavu wa juu. Keekee ikajisokota ardhini kama parafujo kwenye ubao, ikawa inashuka kwa kasi kuliko inavyotoa udongo. Sentimita 70 kwa mkupuo mmoja. Injini ikakoroma, ikazima. Walipoiwasha na kuvuta mkono wa kunyanyua, matairi ya mbele yakaacha ardhi kwa kiasi cha kiganja.

Hesabu ambayo ningeifanya kabla ya kujibu simu

Wengi huona upana mara mbili ni kazi mara mbili. Shimo la mviringo la sentimita 30, kina sentimita 120, lina udongo kama meta za ujazo 0.085. La sentimita 60 kina hichohicho lina 0.34. Mara nne.

Nguvu nayo inakwenda kinyume. Injini ya farasi 25 isiyo na tabo, kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, hupoteza kwa makisio asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa hiyo pale Makambako ni kama farasi 21. Ikifika kwenye PTO, tuseme 18. Giaboksi ya keekee hizi hupunguza kasi mara tatu hivi na kuongeza msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, mara tatu. Ukipiga hesabu hadi mwisho, kwenye ukingo wa keekee ya sentimita 30 unapata msukumo wa kama kilo 480. Kwenye ukingo wa ile ya 60, kwa sababu mkono umerefuka mara mbili, unabaki na kilo 240. Udongo mara nne, nguvu ya kuukata nusu.

Halafu kuna kunyanyua. Ndani ya sentimita 70 za shimo la tatu mlikuwa na udongo kama kilo 330, na chuma chenyewe, yaani keekee, giaboksi na boriti, si chini ya kilo 150. Kitabu cha trekta kinasema linanyanyua kilo 600, lakini kilo hizo hupimwa kwenye ncha za mikono. Keekee inaning'inia nyuma zaidi ya hapo, karibu mita moja, na kila unapoirudisha nyuma inazidi kulibonyeza trekta kisigino. Juu ya yote hayo kuna ung'ang'anizi wa udongo wa mfinyanzi kwenye kuta. Mbele ya trekta hapakuwa na uzito wowote wa ziada. Ilikuwa lazima linyanyuke mbele.

Kuitoa

Mnyororo niliukataa. Ukivuta kwa trekta la pili unapinda boriti, au mnyororo unakatika na kuruka usoni mwa mtu. Jeki nayo niliikataa, kwa sababu parafujo haing'olewi kama jino. Iliingia kwa kuzunguka, itatoka kwa kuzunguka.

PTO ya trekta kama lile hairudi nyuma. Kwa hiyo tulichomoa shafti kutoka kwenye giaboksi ili keekee iwe huru, tukafunga spana kubwa ya bomba kwenye mhimili wa keekee juu kidogo ya ardhi, tukaingiza kipande cha bomba la chuma cha mita 2 kwenye mpini wake. Wanaume wawili wakaanza kusukuma kinyume na uelekeo wa kuchimba. Robo ya kwanza ya mzunguko ndiyo ilikuwa ngumu. Mmoja aliteleza akaanguka kifudifudi na watu wakacheka, ucheko wa kwanza tangu asubuhi. Baada ya hapo ikaanza kulegea. Kila mzunguko mmoja tulinyanyua mikono ya trekta kidogo tu, kufuata keekee inavyopanda, si kuivuta. Mizunguko mitatu na nusu, ikatoka na gogo la udongo mwekundu limeikumbatia, linang'aa kama limepakwa mafuta.

Nilipoikagua shafti, kikombe kimoja cha krosi kilikuwa kimepasuka. Nguvu ambayo bolti ilitakiwa kuipokea ilitafuta mahali pengine pa kupokelewa. Kazi ya siku ile ikaishia hapo.

Ile 60 ilitoka wapi

Jioni tulikaa kwenye ngazi za nyumba ya mama, mchoro umewekwa juu ya ndoo. Yeye alikuwa na swali moja: "Fundi, nikodi trekta kubwa?" Kulikuwa na trekta la farasi 75 upande wa pili wa mji. Lingemudu. Lakini lilikuwa likilima, foleni yake ni wiki mbili, na mvua za Novemba zilikuwa zinanukia. Nikampigia fundi aliyechora, nikamuuliza kwa nini aliandika 60.

Akanyamaza kidogo, kisha akajibu kama mtu aliyeulizwa kwa nini mlango una upana wa mlango. "Sasa kaka, kwenye 30 mtu ataingiaje?"

Jibu lilikuwa hilo tu. Shimo la kina cha sentimita 120 huwezi kulichimba kwa sururu na beleshi ukiwa umesimama juu. Lazima uingie, uiname, uzungushe kiwiko. Sentimita 60 ni upana wa mabega ya mchimbaji na nafasi ya kutupa udongo. Miaka nenda rudi mafundi wameandika kipimo hicho kwa sababu wachimbaji ni watu, kipimo kikazoeleka kwenye michoro, na mwishowe tukaja kukodi mashine ili itengeneze nafasi ya mabega ya mtu ambaye hayumo shimoni.

Sikusema basi tuchimbe 30 tuondoke. Shimo lina kazi zake. Nguzo ya sentimita 20 kwenye shimo la 30 inabakiwa na sentimita 5 kila upande. Huwezi kushindilia zege humo wala kuisogeza nguzo ikae sawa kwenye uzi. Na Makambako ina upepo. Anayepita kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya mwezi wa tisa anaujua, unasukuma basi. Banda lililo wazi pembeni likipigwa na upepo linataka kupaa kama mwavuli, kwa hiyo kazi kubwa ya msingi wake ni kuzuia nguzo isichomoke. Uzito wa kulizamisha ni mdogo.

Nikapiga hesabu ya fundi, si ya mhandisi. Upepo wa mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa, unasukuma kama kilo 55 kwa kila meta ya mraba. Kila nguzo inabeba paa la meta za mraba 11 hivi ukiweka na upenu: kilo 600 zinazovuta juu. Toa uzito wa paa lenyewe, kama kilo 220. Zinabaki kilo 380 za kushikwa na msingi. Zege kwenye shimo la 30 lina kilo 110 tu baada ya kutoa nafasi ya nguzo. Kwenye shimo la 45 lina kilo 370, na hapo hujahesabu uzito wa nguzo wala msuguano wa udongo. Kwenye la 60, kilo 720. Kwa banda la shamba la ukubwa huu 45 inatosha, hasa chini ukiitanua kidogo. Ingekuwa darasa la watoto nisingethubutu kukokotoa juu ya ndoo, ningemtafuta mhandisi.

Mama alitaka kujua habari ya saruji. Kwa mchanganyiko wa 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto) mashimo 14 ya sentimita 60 yangekula mifuko 18 au 19. Ya 45, mifuko 10. Alinyanyua macho kwenye karatasi akaniangalia. "Na wewe ulisema nichukue ya 60."

"Nilisema, mama."

"Haya. Tuendelee."

Njia tuliyotumia

Keekee ya 45 haikupatikana mjini. Tulikuwa na ya 30, na mtarimbo. Jioni ileile tulimwaga dumu la lita 20 za maji kwenye kila alama, taratibu, ndani ya kidimbwi kidogo cha udongo, ili lile ganda la juu lilainike usiku kucha. Mahali ambapo ardhi ni mbichi tayari usifanye hivyo. Utatengeneza ugali unaogandia kwenye mapezi ya keekee na hautoki.

Asubuhi kilichotupokea ni mlio wa mbuzi. Kitoto cha mbuzi wa jirani kilikuwa kimetumbukia kwenye shimo la pili usiku, kimesimama chini ya mita na ushei, hakijavunjika popote, kina hasira. Mashimo mawili tuliyaacha wazi bila hata ubao. Kijana wa koti refu ndiye aliyeingia kumtoa, na nakiri kwamba aliingia vizuri kabisa. Sentimita 60 zilimtosha barabara.

Krosi mpya ilifungwa. Kifuniko cha shafti kilitafutwa, kikapatikana cha kuokoteza kwenye gereji, kikakaa. Niliweka bolti laini za 4.6 kumi kwenye mfuko wa khanga, nikaufunga kwenye mhimili wa kiti. Na nikachora mstari wa chokaa mita 3 kuzunguka trekta: shafti ikizunguka, ndani ya mstari ni dereva peke yake, na yuko kitini.

Alama nazo tulizibadilisha. Walikuwa wamepigilia kigingi katikati ya kila shimo, na bila shaka kigingi ndicho kitu cha kwanza keekee inachokula. Baada ya hapo unachimba kwa kubahatisha. Tulipima uzi upya, tukaweka vigingi viwili kwa kila shimo, kila kimoja mita 1 kutoka katikati, kushoto na kulia, ili wakati wowote uweze kuvuta kamba kati yao na kuona kati iko wapi. Mashimo mawili ya mwanzo yalikuwa yamepotoka kwa sentimita 12 kutoka kwenye mstari. Upana wao ulituokoa, nguzo ikaegemezwa upande mmoja.

Kupotoka huko kuna sababu nyingine ambayo dereva hakuijua. Mikono ya trekta haishuki wima. Inashuka kwa upinde, kama mkono wako unapouinamisha kutoka begani. Keekee ikishuka inasogea mbele au nyuma kidogo, na shimo linalala. Dawa yake ni dereva kulegeza na kusogeza trekta kwa kiasi cha sentimita chache kadiri keekee inavyozama, huku mtu mmoja, nje ya mstari wa chokaa, akiangalia mhimili kwa timazi na kuonyesha kwa mkono. Kufikia shimo la tatu la siku ile dereva alikuwa ameshazoea, hahitaji tena kuangalia nyuma kila sekunde.

Kazi ikaenda hivi. Injini juu kidogo tu ya mzunguko wa kupumzika, si kwa kasi ya kitabu. Injini ya dizeli ina msokoto wa kutosha huko chini na keekee hairuki ikikutana na jiwe. Zamisha sentimita 25, nyanyua ikiwa inazunguka, iache ikung'ute, shusha tena. Tulipaka rangi nyeupe kwenye mhimili kila sentimita 25 ili asikisie. Dakika saba au nane, shimo la sentimita 30 lilikuwa limefika 120.

Kisha PTO inazimwa, trekta linasogezwa mbele, na watu wawili wanaingia kazini na mtarimbo wakiwa wamesimama juu. Wanachonga kuta kuzunguka, kutoka juu kwenda chini, mpaka upana wa sentimita 45. Tulikata fimbo ya urefu huo iwe kipimo. Udongo wote unaangukia ndani, na hapo ndipo utamu ulipo: hakuna anayeinama kuuchota. Watu wanatoka nje ya mstari, trekta linarudi, keekee ileile ya 30 inashuka kwenye udongo uliokwisha kulegea na kuupandisha kama mkono unaochota unga kwenye gunia. Mara mbili, shimo safi. Mwisho tulitanua sentimita 20 za chini kidogo zaidi, ili zege likikauka liwe na unyayo.

Kabla ya kufikia hapo tulijaribu njia nyingine kwenye shimo la nne, ya kutoboa mashimo matatu ya 30 yanayopishana. Haifai kwa trekta dogo. Keekee ya pili inaona uwazi wa shimo la kwanza pembeni na kuteleza kuufuata, kwa sababu haina kitu cha kuegemea upande ule. Ukitaka lazima ulijaze la kwanza kwa udongo uliolegea kwanza, au uache ukuta mwembamba katikati uje uubomoe kwa mtarimbo. Muda uleule, jasho zaidi.

Bolti mbili zilikatika siku ile, zote kwenye mizizi. Kila moja tulibadilisha kwa dakika tano, injini imezimwa. Nilimwona dereva akitabasamu ya pili ilipokatika.

Siku moja na nusu, mashimo yote yalikuwa tayari pamoja na lile la tatu lenye historia, ambalo kuta zake zilikuwa zimebomoka na likamaliziwa kwa mikono. Lile na mawili ya kwanza tuliyajaza mawe makubwa pembeni ili yasimeze saruji. Chini ya kila nguzo jiwe bapa. Kwenye sehemu ya nguzo itakayozama tulipigilia misumari ya inchi 6 pande zote, nusu ikiwa nje, ili zege liishike. Juu zege likaachwa na mteremko kidogo kutoka kwenye nguzo, maji yasitulie pale kwenye shingo, kwa sababu nguzo huanza kuoza usawa wa ardhi, si chini. Kuta za mashimo yaliyochongwa kwa mtarimbo zilikuwa na makovu makovu, zinashika zege vizuri kuliko zile laini za keekee tupu.

Tulipokuwa tunaosha makoleo mama alikuja na chai na viazi. Akasimama pembeni ya keekee ya 60 iliyokuwa imelazwa kusubiri mwenyewe. "Sasa fundi," akasema, "na yale mashimo ya miche? Mabwana shamba wanasema 60 kwa 60 kwa 60. Nayo ni mabega ya mtu?"

Nilicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Nikamwambia hapana, ile 60 ni ya mizizi. Mparachichi mchanga unataka udongo uliotifuliwa na kuchanganywa na samadi pande zote. Kina ni nusu ya kile cha nguzo. Baada ya mvua mbili tatu, kwa gesi ndogo na kunyanyua mara tatu, trekta lile linaimudu.

"Basi isirudi," akasema, na kumwita dereva.

Tulichimba moja la majaribio Novemba, ardhi ikiwa imelowa kiasi cha kufinyangika mkononi. Keekee ilishuka, ikapanda, ikashuka. Lilipokamilika tuliangalia ndani: kuta zilikuwa laini na zinang'aa kama chungu kilichotoka kusuguliwa, mzizi mchanga ungezunguka humo ndani bila kupata pa kutokea. Dereva hakungoja kuambiwa. Alizima injini, akashuka na panga, akapiga magoti, akaanza kuzikwaruza.